Herufi Moja Moja: Maandishi Yanayojiandika katika Gemu na Kunga za Fanani

Utangulizi

Katika semina yetu moja ya nadharia ya fasihi niliwahi kusema kwamba yapo maandishi ambayo mhakiki hawezi kuyahakiki kwa kuyasoma tu, mpaka ashike na saa mkononi. Darasa likacheka. Mwenzangu mmoja akauliza, "Maandishi gani hayo, ya mtihani?" Nikajibu kwamba ni maandishi ya mazungumzo katika gemu za kompyuta. Hapo kicheko kikazidi, na mwenzangu mwingine, ambaye namheshimu sana kwa usomaji wake wa tamthilia, akanikata kauli: "Bwana, gemu ni za watoto wa vibandani. Tuachie fasihi yetu."

Siku ile sikuwa na jibu. Jibu nililipata likizoni, barazani kwa bibi yangu mzaa mama huko Kinole, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru. Makala haya yananuia kueleza mambo matatu: kwanza, maandishi hayo ni kitu gani na yanafanyaje kazi, pili, yana uhusiano gani na kunga za fanani wa fasihi simulizi, na tatu, kwa nini sisi wanafunzi wa Kiswahili hatuna budi kuyajali, maana lugha yetu ina jambo lake humo ambalo lugha nyingine hazina kwa namna ileile. Msomaji asinielewe vibaya: sidai kwamba kila gemu ni fasihi, kama ambavyo hatudai kila kitabu ni riwaya.

Maandishi ninayoyazungumzia

Aliyewahi kucheza gemu yenye hadithi anayajua, hata kama hakuwahi kuyapa jina. Mhusika anapokutana na mwingine, chini ya skrini hutokea kisanduku, na ndani yake maneno hayaji yote kwa mpigo. Herufi inatokea, kisha nyingine, kisha nyingine, huku kila moja ikiambatana na mlio mdogo wa "tik-tik-tik", mfano wa taipureta ya karani. Kisanduku kikijaa, maandishi husimama, na pembeni kimshale kinaanza kumeremeta kikimngoja mchezaji abonyeze kitufe. Akibonyeza, mistari ya zamani husogea juu na mipya huanza kujiandika.

Nilikutana nayo mara ya kwanza utotoni, Morogoro mjini, katika kibanda cha gemu kule Mji Mpya. Gemu nyingi pale zilikuwa za mpira na mapigano, lakini siku moja ikaja moja yenye hadithi, na maneno yake yote Kiingereza. Sisi wadogo hatukuelewa kitu. Alikuwepo kaka mmoja wa kidato cha pili, ndiye akawa mkalimani wetu. Herufi zikitembea, naye anatafsiri kwa sauti, akikazana asiachwe nyuma. Miaka kadhaa baadaye nilipoijua lugha hiyo vizuri niligundua kwamba, kumbe, nusu ya hadithi alikuwa anaitunga mwenyewe! Alikuwa anafanya kazi ileile iliyompa umaarufu Lufufu, yule aliyevuma kwa kutafsiri filamu za kigeni kwa Kiswahili: kusimama kati ya skrini na hadhira, na kuamua hadhira ipate nini na ipate lini.

Hilo neno "lini" ndilo kiini cha makala haya.

Mashine inavyofanya

Wengi hudhani kwamba mashine inaandika kweli, kama mpiga chapa anayetafuta herufi kwenye vitufe. Sivyo. Sentensi nzima imo tayari katika kumbukumbu ya mashine tangu mwanzo. Kinachofanyika ni kufichua. Programu huwa na kihesabio kinachoanzia sifuri. Kila muda fulani ukipita, kihesabio huongezwa moja, na skrini huonyesha herufi kuanzia ya kwanza hadi pale kihesabio kilipofikia. Kikifika mwisho wa sentensi, kazi imekwisha, kimshale kinatokea. Mchezaji akibonyeza kitufe kabla ya hapo, kihesabio kinarushwa hadi mwisho na sentensi yote inaonekana papo hapo.

Kasi yake huhesabiwa kwa picha. Skrini nyingi za gemu huchora picha takriban 60 kwa sekunde. Katika gemu za kwanza za Pokémon, zilizotoka Japani mwaka 1996 kwa ajili ya mashine ya mkononi ya Game Boy, mchezaji aliweza kuchagua kasi tatu: herufi moja kwa kila picha, herufi moja kwa kila picha 3, au herufi moja kwa kila picha 5. Ukipiga hesabu utapata takriban herufi 60, 20 au 12 kwa sekunde. Tukumbuke kwamba uchaguzi huo ulikuwa wa mchezaji, si wa mtunzi, nitaurudia baadaye.

Mtindo wenyewe ni wa zamani zaidi. Dragon Quest ya Yuji Horii, iliyotolewa na Enix mwaka 1986, iliwafanya Wajapani wengi waizoee sauti ya herufi zinazojiandika. Gemu nzima, pamoja na ramani, picha, muziki na mazungumzo yake, ilienea katika kilobaiti 64. Aidha, mashine za wakati huo ziliweza kubadilisha sehemu ndogo tu ya skrini kati ya picha na picha, kwa hiyo kuandika herufi moja moja kulichukuana vizuri na uwezo wao. Lakini ufundi huu haukufa pale mashine zilipopata nguvu. Mwaka 2001, katika Ace Attorney ya Shu Takumi, gemu ya mawakili mahakamani, mapumziko kati ya maneno na mlio wa herufi vilitumika kuonyesha wakili anayesita na shahidi anayedanganya. Mwaka 2015 Toby Fox alitoa Undertale, ambamo wahusika wakuu wana milio na hata miandiko yao tofauti, kiasi kwamba unamtambua msemaji kabla hujasoma neno lake. Kompyuta za 2015 zingeweza kumwaga kurasa elfu kwa kufumba na kufumbua. Kama herufi bado zinatembea, basi si kwa unyonge wa mashine bali kwa hiari ya mtunzi. Na mahali penye hiari ya mtunzi ndipo mhakiki anapoanza kazi.

Fanani, hadhira na kimshale

Kitabu hakina saa. Shaaban Robert hakuweza kuamua kwamba nisome ukurasa wa kumi kwa dakika nne. Naweza kuumaliza kwa dakika moja, au nikalala nao. Mtunzi wa kitabu hutoa maneno na mpangilio wake, lakini wakati wa kusoma ni mali ya msomaji. Fanani wa masimulizi ni kinyume chake: yeye ndiye mwenye wakati. M. M. Mulokozi, katika makala yake ya mwaka 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi, alitufundisha kwamba fasihi simulizi ni tukio, na kwamba haitazamwi kwa maneno yake peke yake bali pamoja na fanani, hadhira, mahali na wakati wake. Tukiandika ngano kitabuni tunabaki na maneno. Kile kimya cha fanani kinadondoka njiani.

Sasa, maandishi yanayojiandika yanasimama katikati. Ni maandishi, maana yanasomwa kwa macho, lakini yana wakati ndani yake kama masimulizi. Mtunzi anaweza kuamua neno lije haraka, lije polepole, au lisimame kidogo kabla ya kumalizika. Ren'Py, programu ya kutungia hadithi za kompyuta iliyoanzishwa na Tom Rothamel mwaka 2004 na inayopatikana bila malipo, inampa mtunzi alama za kuchopeka ndani ya sentensi: moja ya kupanga idadi ya herufi kwa sekunde, nyingine ya kusubiri mpaka msomaji abonyeze. Yaani kimya kimepata alama yake ya kuandikwa. Sisi tuliozoea mkato na nukta hatukuwahi kuwa na kitu kama hicho.

Na kile kimshale kinachomeremeta? Hebu tukitazame vizuri. Fanani akisema "Hadithi, hadithi!", haendelei mpaka aitikiwe "Hadithi njoo!". Katikati ya ngano pia husimama akingoja "ehee" za wasikilizaji. Zile "ehee" si adabu tu; ndizo ruhusa ya kuendelea. Zikipungua, fanani anajua watu wamesinzia, anakatisha au anaongeza chumvi. Kimshale ni kituo hichohicho, na kitufe ndiyo "ehee" ya mchezaji. Tofauti ipo, tena kubwa: mashine haioni macho ya msikilizaji wala haiongezi chumvi. Lakini inangoja. Kitabu hakingoji, na filamu haingoji.

Kiswahili na kitenzi kinachojifungua

Hapa ndipo nilipotaka kufika. Wanaotengeneza gemu wengi wao waliufikiria mtindo huu kwa Kijapani na Kiingereza. Je, Kiswahili kinaingiaje katika kisanduku hicho?

Kwanza kuna suala la nafasi. Skrini ya Game Boy ilikuwa na vinukta 160 kwa 144, na kila herufi ilikaa katika mraba wa vinukta 8 kwa 8. Hivyo upana wake ni herufi 20. Ukiondoa pindo za kisanduku, mstari mmoja wa mazungumzo ulikuwa na nafasi 18. Chukua neno moja tu la Kiswahili: "nitakapowatambulisha". Lina herufi 20. Neno moja halitoshi katika mstari! Hata katika skrini pana za leo kuna tatizo ambalo mtengenezaji asiyejua maneno marefu hulisahau. Kama programu inaamua mahali pa kukata mstari wakati herufi zinatokea, basi neno litaanza mwisho wa mstari wa kwanza, "nitakapowata...", kisha ghafla likose nafasi na kurukia mstari wa pili mbele ya macho ya msomaji. Dawa yake ni rahisi: mistari ikatwe kabla, wakati sentensi ingali imefichwa, ndipo ufichuaji uanze. Lakini dawa hiyo humwingia akilini yule tu aliyewahi kuumwa.

Pili, na hili ndilo zito zaidi, ni mpangilio wa kitenzi chetu. Kitenzi cha Kiswahili hakifunui siri yake mwanzoni. Kinatangulia kiambishi cha nafsi, kisha cha wakati, kisha cha mtendwa, na mzizi unakuja baadaye. Nikiandika "Alini..." umeshajua kwamba yupo mtu mmoja, kwamba jambo limepita, na kwamba mimi ndiye lililonipata. Hujui bado ni jambo gani. Alinipenda? Alinipiga? Alinizika? Katika kusoma kwa kawaida jicho linalimeza neno zima kwa mara moja, na utamu huo haupo. Herufi zikitembea, neno moja la Kiswahili linakuwa kisa kizima: mhusika, wakati, mwathirika, halafu tendo.

Rafiki yangu mmoja, mwenyeji wa Morogoro anayejifunza kutengeneza gemu, alikuwa anatunga hadithi ya kijana aliyetoroka kijijini Uluguru baada ya kuuza shamba la ukoo, akarudi miaka mingi baadaye. Anafika kwa bibi yake na kuuliza kama wajomba bado wanamkumbuka. Msomaji ajue kwamba kwa Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, na ardhi ya ukoo kwa desturi imekuwa mikononi mwa ukoo huo. Kwa hiyo mjomba si mtu wa kupelekewa salamu tu. Rafiki yangu alikuwa na majibu mawili, kutegemea na mambo ambayo mchezaji ameyafanya nyuma:

Wajomba zako hawajakusahau.

Wajomba zako hawajakusamehe.

Tazama, ndugu msomaji. Ha-wa-ja-ku-sa-ha-u. Ha-wa-ja-ku-sa-me-he. Silabi saba na saba. Tano za mwanzo ni zilezile kabisa. Kukanusha kumeshatajwa, wajomba wameshatajwa, muda umeshatajwa, kijana mwenyewe ameshatajwa, na bado hatujui kama anarudi nyumbani au anarudi kwenye deni. Mambo yote yananing'inia kwenye silabi mbili za mwisho. Rafiki yangu hakuwa ameliona hilo, aliandika tu. Nilipomwonyesha akashika kichwa: "Kumbe lugha yenyewe imeshatega!"

Jaribio la barazani

Likizo ilipofika tulipanda wote wawili hadi Kinole, yeye na kompyuta yake mpakato mgongoni. Jioni, baada ya shikamoo na ndizi, tukaiweka kompyuta juu ya stuli barazani. Bibi alijifunza kusoma ukubwani, katika madarasa ya elimu ya watu wazima ya miaka ya 1970, kwa ile njia ya ba-be-bi-bo-bu. Anasoma, tena hupenda kusoma kwa sauti, lakini kwa mwendo wake.

Rafiki yangu alikuwa ameweka kasi ya herufi 30 kwa sekunde, kama alivyozoea kuona katika gemu za kigeni. Bibi aliweka miwani, akainama, midomo ikaanza kutikisika, halafu akajiinua. "Mbona yanakimbia? Yanakimbilia wapi?" Wajukuu wakacheka. Mdogo wangu wa darasa la sita, aliyekuwa ameshika kitufe, alikuwa anabonyeza kila mara ili sentensi zitoke zote haraka, apate kuendelea na mchezo. Kwa hiyo tulikuwa na hadhira mbili mbele ya kisanduku kimoja, mmoja anaachwa, mwingine anachelewa. Bibi akavua miwani akasema, "Haya, endeleeni nyie wenye macho."

Nakiri kwamba sentensi hiyo iliniuma. Nilikuwa nimepanda mlima nikijigamba kwamba nimevumbua fanani mpya, na fanani wangu wa kwanza kabisa, aliyenilea kwa ngano, ndiye aliyeachwa nje ya mlango.

Usiku ule tulikaa na rafiki yangu tukafikiri. Hesabu ya mashine ilikuwa ya herufi, lakini Mswahili hasomi herufi, anasoma silabi. Hata Wajapani wa Dragon Quest hawakuwa wanafichua herufi kama zetu: kila alama ya kana, kwa kawaida, inabeba sauti kama "ka" au "mi". Kumbe kile tulichokinakili kwao kwa jina la "herufi moja moja", kwao kilikuwa kitu kinachokaribiana na silabi moja moja. Kiingereza ndicho kilichokileta kwetu kikiwa kimekatikakatika. Na Kiswahili, chenye silabi zinazoishia na irabu, kinaweza kukirudisha kilivyokuwa kwa kanuni nyepesi: fichua mpaka ufike kwenye irabu, kisha pumzika.

Kanuni hiyo ina mitego yake, na mtu aliyewahi kuhesabu mizani ataijua mara moja. "Mtu" ni silabi mbili, m-tu, ingawa irabu ni moja. Tukaongeza: kama "m" inafuatwa na konsonanti isiyokuwa b, v wala w, nayo ikatwe. Hapo "mbuzi" na "mvua" zikapona. Lakini "mvulana" ikaharibika, maana hiyo ni m-vu-la-na. Mashine haijui tofauti ya "mvua" na "mvulana", sikio linajua. Maneno ya namna hiyo tukayawekea alama kwa mkono. Kasi tukaishusha hadi silabi 5 kwa sekunde. Mwisho, kabla ya silabi mbili za mwisho za lile jibu la wajomba, tukaweka kimya cha sekunde moja.

Jioni ya pili Bibi alikataa kwanza. Nikambembeleza. Akavaa miwani. Wa-jo-mba. Akaanza kusoma kwa sauti, na sauti yake na skrini vikawa vinakwenda pamoja, kama mtu na kivuli chake. Watoto wakanyamaza, kwa sababu sasa yeye ndiye aliyekuwa anasimulia. Za-ko. Ha-wa-ja-ku-sa. Skrini ikasimama. Bibi hakusimama, akamalizia mwenyewe, kwa furaha: "Hau! Hawajakusahau!"

Me. He.

Barazani pakawa kimya. Bibi akaisoma tena yote, polepole, kuhakikisha. Kisha akamwambia, si sisi, bali yule kijana wa kwenye skrini: "Basi nenda mwenyewe ukawaombe, mwanangu. Wajomba hawasamehi kwa salamu."

Baadaye, taa ilipozimwa, alitupigia ngano moja ya zimwi ambayo nimeisikia tangu utoto. Safari hii niliisikiliza nikiwa na saa. Akasema, "Lile zimwi likam..." akanyamaza. Watoto wakapiga kelele, "Meza! Likammeza!" Naye, taratibu: "...beba." Nikacheka peke yangu gizani. Nilikuwa nimemfundisha mashine kitu ambacho Bibi amekuwa akinifanyia miaka yote, nami sikuwahi kukiandika katika daftari langu la fasihi simulizi.

Kisanduku na mizani

Nikirudi chuoni nilifanya hesabu nyingine ndogo. Ule mstari wa nafasi 18, na kisanduku cha mistari miwili, vilinikumbusha kitu. Mshororo wa utenzi kwa kawaida una mizani 8. Mshororo wa shairi la kawaida una vipande viwili vya mizani 8. Nikatunga haraka, bila kudai ushairi:

Nilifika mlimani
nikabisha mlangoni

Mizani 8 na 8. Nafasi, pamoja na pengo kati ya maneno, 16 na 18. Vimeenea katika kisanduku cha Game Boy bila kuvuka! Si kila mshororo utaenea hivyo. Nikiandika "nikamkuta nyanyangu" mizani ni 8 lakini nafasi ni 19. Hata hivyo jambo lenyewe linafaa kufikiriwa. Tunalalamika kwamba kisanduku ni kidogo mno kwa lugha yetu, kumbe washairi wetu wamekuwa wakitunga ndani ya visanduku vya kipimo hichohicho kwa karne kadhaa, na wakajua hasa wapi pa kupumua. Mwenye kutaka kuandika mazungumzo ya gemu kwa Kiswahili asitafute mwalimu mbali.

Pingamizi

Kuna watakaosema kwamba mtindo huu ni kumcheleweshea mtu bure. Kwa kiasi fulani wana haki. Gemu inayotembeza kila sentensi kwa kasi moja, hata "Habari za asubuhi", haisemi kitu kwa kasi hiyo. Ni kama msimulizi anayetua baada ya kila neno. Kimya kina maana pale tu ambapo mahali pengine hakuna kimya. Mtunzi asiye na sababu ya kuchelewesha asicheleweshe.

Kuna pingamizi la pili, ambalo kwangu ni zito zaidi: mwenye kushika saa ana madaraka. Mwandishi wa kitabu hawezi kumwacha Bibi nyuma. Mwandishi wa kisanduku anaweza, na wala asijue. Ndiyo maana nikasema nitarudi kwenye zile kasi tatu. Kumpa mchezaji uwezo wa kuchagua kasi, na kitufe cha kumaliza sentensi mara moja, si kuharibu sanaa. Ni kuirudishia hadhira haki yake ya kusema "ehee" au "tuharakishie". Mdogo wangu aliyebonyeza bonyeza hakuwa adui wa hadithi; alikuwa hadhira yenye haraka, na kila fanani anaijua. Kisichosameheka ni maandishi yanayojiandika na kujifuta yenyewe bila kungoja kitufe. Hayo si masimulizi, ni matangazo.

Hitimisho

Kwa yule mwenzangu wa semina, basi, jibu langu ni hili. Sikuombi uhakiki gemu. Nakuomba ukubali kwamba wakati ni sehemu ya fani, na kwamba sasa yapo maandishi ya Kiswahili ambayo wakati wake unaweza kupimwa kwa sekunde na silabi. Mhakiki atakayeyachambua aeleze kasi yake, aeleze vituo vyake, aeleze nani anaruhusiwa kubonyeza na nini kinatokea akibonyeza, kama ambavyo mchambuzi wa utenzi hueleza vina na mizani. Na sisi tutakaopata kazi ya kutafsiri au kutunga mazungumzo hayo tusikubali kujaza Kiswahili katika visanduku kana kwamba tunajaza magunia. Kitenzi chetu kinajua kungojesha, tukipe nafasi.

Rafiki yangu amemaliza sehemu ya kwanza ya gemu yake. Katika orodha ya kasi ameweka tatu: "haraka", "wastani", na ya tatu, ambayo ndiyo inayokuja ukiiwasha bila kugusa kitu, ameiita "Bibi".